Ngege Mmoja, Mapacha Wawili

Hoteli za soko letu la Masara hazina kiti cha mtoto. Zina kiti cha plastiki, kile kile kinachokodishwa matangani, na mtoto wa miaka miwili akikikalia, macho yake yanalingana na ukingo wa meza. Chakula hakioni. Anaona mikono ya wenzake ikienda na kurudi. Kwa hiyo anasimama juu ya kiti, na akisimama tu, hoteli nzima inamwamuru akae, kuanzia mpishi hadi mchimbaji wa dhahabu aliyetoka shimoni sasa hivi na vumbi la mawe kwenye nyusi.

Mimi ninao wawili, Opiyo na Odongo. Kwetu mapacha ni baraka, na huku sokoni naitwa Wuon Rude, yaani baba wa mapacha, kwa heshima zote. Hata mhudumu akiniona mlangoni hupaza sauti, "Karibu, Wuon Rude!" huku mkono wake ukikusanya chupa za pilipili kutoka meza zote za karibu.

Kwanza analeta jagi la maji ya uvuguvugu na beseni. Watoto wananawa kwa furaha, wanataka kunawa tena, wanataka kumnawisha mhudumu. Mikono imetakata. Kisha tunaambiwa chakula kinakuja. Kinakuja kutoka wapi, sijui, maana muda huo wote ile mikono iliyotakata inakuwa chini ya meza, imemshika paka.

Nasikia Nairobi kuna hoteli zenye viti virefu vya watoto, mkanda wa kumfunga na penseli za rangi. Vizuri. Lakini huko sidhani wanapambana na samaki aina ya ngege kama sisi. Ngege huja mzima, kichwa na mkia, na ndani ya ile nyama tamu kuna miiba midogo ambayo hata mtu mzima hujua ipo ikishafika kooni. Basi kazi ni yangu. Namega nyama ya mgongoni, naisugua taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka nihakikishe hakuna kinachochoma, naikandika kwenye tonge dogo la ugali, napuliza, namlisha Opiyo. Odongo anapiga kelele. Nasugua nyingine. Opiyo ameshameza, anapiga kelele pia. Nikigeuza upande wa pili, mchuzi umepoa na ugali umekauka juu. Nikimaliza, sahani ina kichwa. Kichwa ni heshima ya mwenye nyumba, sikatai, ila mwenye nyumba amelipia samaki mzima.

Wajuzi wananiambia niagize mbuta. Mbuta aliletwa ziwani kwetu miaka ya 1950, na wataalamu wanamlaumu mpaka leo kwa kuwamaliza fulu, wale samaki wadogo wa asili. Mimi saa saba mchana, nikiwa na mapacha wenye njaa, niko tayari kumsamehe, kwa sababu mifupa yake ni mikubwa na unaiona. Tatizo ni kwamba minofu yake mizuri huishia viwandani na kupakiwa kwenda ng'ambo, na mara nyingi kinachoturudia sisi tunaoishi karibu na ziwa ni mgongo wazi. Yaani nyama imesafiri, mifupa imebaki nyumbani na watoto wangu. Omena, wale dagaa wetu, je? Odongo hataki. Anasema wanamwangalia.

Hayo yote ningeyavumilia kama si mzee wa meza ya pili. Kila hoteli inaye wake. Anakunywa soda ya chungwa polepole, anawatazama wanangu kwa huruma, kisha anasema, "Mwachie nyakwara aonje kidogo," yaani mjukuu wake. Utamkataliaje mzee mbele ya watu? Opiyo anaonja nusu chupa. Baada ya hapo anakimbia chini ya meza kati ya gambuti za wachimbaji, na mama yake anamfuata kwa magoti akiwa na gauni la kanisani. Mzee anacheka, analipa soda yake, anaenda zake akiwa amekunywa kwa utulivu.

Kubeba mabaki nako ni vita. Tangu serikali ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, mchuzi wa samaki hufungiwa kwenye gazeti, na bodaboda ikianza kuruka mashimo, hufika nyumbani ukiwa kwenye suruali yangu.

Wenye hoteli, sidai penseli za rangi. Mkiona mtoto ameingia, leteni ugali kwanza, hata na mboga tu, samaki afuate akiwa tayari. Mwambieni fundi wa hapo sokoni awachongee benchi moja la kumwinua mtoto afikie meza. Nanyi wazee wetu, tunawapenda na tunawaheshimu, lakini hiyo soda mnywe wenyewe.