Jinsi ya Kumpata Kaunsela wa Simu Isebania Bila Kuahidi Kuacha Pombe

Unataka kupunguza pombe, lakini hutaki kuacha. Unataka msaada, lakini hutaki mtu yeyote kuanzia stendi ya Isebania hadi Kehancha ajue kwamba umeomba msaada. Unataka kuongea na mtaalamu, lakini mahubiri umeshayasikia ya kutosha. Hakuna shida. Yote matatu yanawezekana. Hapa mpakani mwa Kenya na Tanzania kila mtu anajua njia ya panya, na nakuonyesha moja ambayo ni halali kabisa.

Hatua ya 1: Usiamue chochote

Wengi hukwama hapa. Wanadhani lazima kwanza waape mbele ya mama, wamwage chupa, wasimame kanisani, ndipo wawe na haki ya kumtafuta mshauri. Ruka hayo yote. Kuna aina ya ushauri iliyotengenezwa mahususi kwa mtu ambaye hajaamua.

Ilianza na William Miller, mwanasaikolojia Mmarekani, alipokuwa Norway mwaka 1982 akizungumza na wataalamu wachanga waliokuwa wakiwatibu walevi. Walimbana: mbona umemjibu mgonjwa hivi, mbona hukumwambia vile? Akalazimika kueleza kwa maneno kitu alichokuwa akikifanya tu, na mwaka 1983 akakichapisha. Baadaye akaungana na Stephen Rollnick, aliyekulia Afrika Kusini na kufanya kazi Wales. Kitabu chao cha kwanza kilitoka 1991. Toleo la nne likatoka 2023. Njia yenyewe tuiite mahojiano ya motisha. Wataalamu huitaja kwa herufi mbili za Kiingereza, MI (motivational interviewing), na hizo ndizo utakazouliza.

Siri yake ni hii. Mtu akisukumwa, hujitetea. Mke akisema "acha", wewe unatoa sababu tano za kunywa, na kila ukizitaja unaziamini zaidi. Kaunsela wa MI anakataa kabisa kucheza mchezo huo. Anauliza, anasikiliza, anakurudishia maneno yako, mpaka sababu za kupunguza zitoke kinywani mwako mwenyewe. Na binadamu tunapenda sauti zetu. Hoja ya mwingine tunaipinga, yetu tunaipigania hadi mwisho. Kwa hiyo usijaribu kuwa mnyenyekevu kwanza. Njoo na majivuno yako yote, yana kazi.

Hatua ya 2: Chagua simu, na usione kuwa umechagua kitu duni

Atatokea mtu akwambie ushauri wa simu ni nusu ushauri. Mjibu kwa utafiti wa hapa hapa Kenya. Watafiti wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, akina David Ndetei na Victoria Mutiso, pamoja na Valerie Harder wa Chuo Kikuu cha Vermont, waliwachukua watu wazima 300 wa kijijini waliokuwa na tatizo la pombe. Kuna waliofanyiwa MI kwa simu, kuna waliofanyiwa ana kwa ana, na kuna waliowekwa wasubiri. Matokeo yakachapishwa 2020. Baada ya mwezi mmoja, waliopigiwa simu walikuwa wanakunywa kidogo kuliko waliokuwa wakisubiri, na kati ya simu na ana kwa ana haikuonekana tofauti.

Kwa hiyo usihangaike na video wala bando kubwa. Sauti inatosha.

Tena kwetu simu ina faida ambayo Nairobi hawaijui. Migori na Homa Bay tumemzoea kaunsela kupitia VCT, yaani upimaji wa virusi vya Ukimwi. Ukionekana umeketi naye chini ya mti pale hospitalini, kabla ya jioni soko zima limeshakupima damu na kusoma majibu. Kwenye simu hakuna mti. Na wewe dada unayekunywa jikoni mlango ukiwa umefungwa, ambaye hata baa huwezi kuonekana, njia hii imekufaa kuliko wote. Usiwaachie wanaume.

Hatua ya 3: Mpime kaunsela kwa sentensi moja

Usisome wasifu wake kwanza. Omba dakika kumi za kufahamiana, kisha sema hivi: "Mimi nakunywa, nyumbani wanalalamika, na sijaamua kuacha. Utanisaidiaje?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu.

Akijibu, "Ndugu yangu, unajua pombe inavyoharibu ini? Hebu wafikirie watoto," mshukuru na ukate simu. Huenda ni mtu mwema, lakini mahubiri yake unaweza kuyapata bure kwa shemeji.

Akijibu, "Kwa hiyo nyumbani hawana raha, na bado kuna kitu pombe inakupa. Niambie, inakupa nini?" mshike huyo huyo. Amesikia pande zako mbili kwa mkupuo mmoja, na hakuharakisha kuinyamazisha hata moja. Huo ndio ujuzi unaoulipia.

Bado una wasiwasi? Chukua karatasi, uhesabu. Wanaopima ubora wa mazungumzo haya hutafuta kauli mbili za kukurudishia ulichosema kwa kila swali moja analokuuliza kaunsela. Chora mstari kwa kila swali, duara kwa kila kauli. Mistari ikijaa ukurasa kama dirisha la uhamiaji pale mpakani, unatoka wapi, unaenda wapi, unarudi lini, basi tafuta mwingine.

Mwisho kuna rula. Wakati fulani atakuuliza: kutoka sifuri hadi kumi, kupunguza pombe kuna umuhimu gani kwako? Usimpe saba ili akupende. Sema 3 kama ni 3. Asiyejua kazi atauliza, "Mbona 3 tu?" na utaanza kuitetea pombe. Anayejua atauliza, "Mbona 3, si 0?" na utasikia unamtajia karo ya muhula wa pili, ile pikipiki iliyouzwa kwa hasara, asubuhi ile uliyofungua duka saa nne na wateja wameshavuka kwenda Sirari. Hakuna aliyekulazimisha. Umesema mwenyewe, na sasa itabidi uishi na ulichosema.

Hatua ya 4: Kagua karatasi

Hapa majivuno yanageuka kuwa hatari, kwa sababu tunapenda kuhudumiwa na wakubwa. Picha ya suti, herufi za Dkt. mbele ya jina, maelfu ya wafuasi. Hayo yote weka kando. Kenya ina Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kuna chama chao, Kenya Counselling and Psychological Association. Muulize amesajiliwa wapi, kwa nambari gani, na ni nani anayemsimamia. Anayestahili hujibu bila kununa.

Kuhusu MI, uliza swali moja la ziada: "Baada ya mafunzo, ni nani alisikiliza mazungumzo yako na wateja akakukosoa?" Miller na wenzake walilipima jambo hili, wakaona kwamba ujuzi wa warsha hudumu vizuri zaidi kwa wale wanaoendelea kusikilizwa na kuelekezwa. Akikutajia semina ya siku mbili peke yake, jua umepata mwanafunzi. Mwanafunzi anayesimamiwa si mbaya, na mara nyingi ni nafuu. Lakini bei iwe ya mwanafunzi, na upatane bila aibu, kwa shilingi, kabla ya kuanza.

Programu za ng'ambo zitakujia kwenye simu zikiwa na matangazo mazuri. Bei yao ni ya dola, na utatumia kikao kizima kueleza chang'aa ni nini. Halafu kuna la usiri. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliifanya BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja kwa makampuni kama Facebook kwa ajili ya matangazo. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuuliza maneno yako yanahifadhiwa wapi na nani anayaona. Itumie.

Hatua ya 5: Jifiche kwa ustadi

Ukifanya hatua hii vizuri utadumu. Ukiifanya vibaya utaacha baada ya kikao cha pili.

Anza na laini. Isebania simu hurukia mtandao wa Tanzania katikati ya sentensi, na salio linaondoka kwa bei ya ugenini. Ingia kwenye mipangilio, chagua mtandao wa Kenya kwa mkono, uache hivyo mpaka kikao kiishe.

Kisha mahali. Nyumba nyingi za kupanga hapa zimetenganishwa na mabati, na jirani anakusikia ukigeuka kitandani. Usiongelee ndani. Usiongelee shambani pia, maana mtu aliyesimama peke yake kwenye mahindi akiongea kwa upole na simu ataletewa kesi nyingine kabisa nyumbani. Nenda penye kelele: kando ya barabara kuu yanakopita malori ya Mwanza, au nyuma ya maghala. Penye kelele watu hawasikilizi.

Halafu lugha. Patana na kaunsela tangu kikao cha kwanza kwamba pombe mtaiita mzigo. Hapa mpakani kila mtu anaongelea mzigo kwenye simu tangu alfajiri. "Jana mzigo ulikuwa mikebe mitatu. Juzi hakukuwa na mzigo. Jumamosi naogopa mzigo mkubwa, kuna sherehe kwa mjomba." Mwenye bodaboda aliyesimama mita mbili kutoka kwako hatageuza hata shingo. Mwisho wa mwezi utakuwa umeeleza maisha yako yote hadharani, na watu watakuheshimu kama mfanyabiashara.

Nyumbani ukiulizwa ulikuwa unaongea na nani, sema ni mtu wa kazi. Ni kweli: anafanya kazi, na wewe pia unafanya.

Malipo nayo yana ujanja wake. Ukilipa kwa nambari ya biashara, ujumbe wa M-Pesa unaweza kuandika jina la kituo cha ushauri kwa herufi kubwa, na simu yako si wewe peke yako unayeisoma. Ukituma kwa nambari ya mtu, linatokea jina la mtu. Chagua hilo, mradi umeshamkagua kwenye Hatua ya 4 na jina linalotokea ndilo lililo kwenye cheti chake. Lisipofanana, usitume hata shilingi.

Hatua ya 6: Anguka kwa adabu

Utaanguka. Itakuwa matanga, au malipo ya tumbaku, au rafiki wa utotoni atakupigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "We mura, leo unanipita hivyo?" na utaingia.

Kosa kubwa huja kesho yake. Watu wanakwepa kikao kwa aibu, wanazima simu, wanamchukia kaunsela ambaye hajasema neno. Chukua njia fupi. Kabla ya kikao mtumie ujumbe wa maneno matatu: "Mzigo uliingia Jumamosi." Basi, jambo zito limeshasemwa, na hukuhitaji kuisikia sauti yako ikilisema. Kaunsela wa kweli wa MI hatakugombeza. Atauliza kabla ya kuingia ulikuwa unafikiria nini, na ilikuwaje ukatoka kwenye mkebe wa nne badala ya wa tisa. Hilo la pili hukulitarajia. Lijibu kwa urefu. Hakuna mwingine atakayekuuliza ulijizuia vipi.

Hatua ya 7: Pasipo na njia ya panya

Kuna mahali pamoja ambapo sitaki udanganye mtu. Kama asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate kikombe cha kwanza, kama umewahi kupata kifafa au kuona vitu visivyokuwepo ulipokosa pombe, usiache ghafla kwa sababu kikao cha simu kimekutia moyo. Mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa mara moja unaweza kukuua. Mwambie kaunsela waziwazi, bila neno mzigo, kisha fika hospitali ya Isebania au ile ya rufaa mjini Migori, useme unakunywa kiasi gani. Taja kiasi kamili, usikipunguze nusu kama tunavyofanya wote tukiulizwa na daktari. Na kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, usisubiri miadi ya Jumanne; mwambie mtu aliye karibu nawe leo, akupeleke.

Ukikosa kaunsela kabisa, au pesa hazijapatikana, piga 1192. Ni laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, haitozi pesa, na hawahitaji uwe umeamua. Wape ile ile sentensi ya Hatua ya 3. Kwa sheria ya vileo ya 2010, baa zetu siku za wiki zinafunguliwa saa kumi na moja jioni. Piga saa kumi.