Makazi ya Chachu: Jaribio la Kuainisha Vichachusho vya Ugogoni

Vitabu vya bia hugawa chachu katika makundi mawili: zinazopanda juu ya pipa na zinazozama chini. Za juu hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 15 hadi 24 na kutoa eli; za chini hutaka nyuzi 8 hadi 14 na hutoa laga. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alitenga mbegu moja safi ya chachu ya laga, na tangu hapo mpika bia wa Ulaya amekuwa akichagua chachu kwa namba.

Mgawanyo huo ukifika Ugogoni, mkoani Dodoma, hukosa pa kukaa. Pombe ya mtama na ya uwele hunywewa ikiwa bado inachacha na kutoa povu. Kabla chachu haijaamua ipande au izame, imeshafika tumboni mwa mteja. Kuiuliza msimamo wake ni kuionea. Napendekeza kigezo kingine: chachu iainishwe kwa mahali inapolala kati ya pombe moja na nyingine.

Jamii kongwe ni ya chungu. Hii hulala katika vitundu vya udongo, katika nyufa za kata na kwenye mwiko wa mti. Mpika pombe mzoefu husuuza chungu chake, hakisugui. Mkamwana mwenye bidii akikisugua kwa mchanga na sabuni amefuta ukoo mzima, na kikao cha familia kitakachofuata hakitahusu usafi. Wakulima wa Norway walikuwa na jamaa wa chachu hii: kveik, waliyoikausha juu ya pete za mbao na kuitundika hadi pombe ijayo. Kveik huvumilia nyuzi 35 na zaidi. Kwa mchana wa Novemba mjini Dodoma ingefaa kuliko eli ya Kiingereza, ambayo ikipata joto hilo hutoa vileo vizito vyenye harufu ya vanishi.

Jamii ya machicha, yaani masalia ya pombe iliyopita, ina matawi mawili, machicha yako na machicha ya jirani. Kwa hadubini hayatofautiani. Lakini ukiomba ya jirani umemtangazia kuwa Jumamosi utakuwa na pombe, naye atapika siku hiyohiyo. Wataalamu wa Chamwino na Bahi huhesabu hili kuwa tofauti ya kutosha kutenga spishi.

Jamii ya kimea haiwekwi na mtu. Mtama huloweshwa, hutandazwa uote, hukaushwa, husagwa. Wakati wote huo wageni wanaingia. Kwanza bakteria wa asidi ya maziwa, wanaoutia uji ukali na kuwafukuza waharibifu, kisha chachu zenyewe.

Humu ndimo ninamomweka, kwa kukosa ushahidi wa makazi yake halisi, mkazi maarufu kuliko wote. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza chachu iliyotoka katika pombe ya nafaka ya Afrika Mashariki, akaiita Schizosaccharomyces pombe. Jina la pombe limo humo. La mpikaji halimo. Chachu hii haichipui kitoto ubavuni kama Saccharomyces cerevisiae: hurefuka, kisha hujikata katikati, nusu kwa nusu, bila ugomvi wa mirathi. Kwa kuichunguza, Paul Nurse wa Uingereza alifumbua kinachoiamuru seli igawanyike, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliogawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Siku hizi hulala kwenye friza za maabara, nyuzi 80 chini ya sifuri. Kwa kigezo chetu, imehama jamii.

Chachu hiyo ya Lindner hupenda pia kula asidi ya maliki, ile inayoitia divai ukali. Jambo hilo lingewavutia majirani wa Makutupora na Bihawana, ambako mizabibu imezoeleka. Jamii ya ganda la zabibu yenyewe haina mengi: wakazi wake wengi ni Hanseniaspora, wanaoanza kwa kelele na kufa kileo kikipanda.

Imebaki jamii ya duka, yaani hamira. Ilifugwa kwa ajili ya unga, haina habari na mtama, lakini humaliza kazi kwa usiku mmoja na haihitaji kusalimiana na jirani. Hutambulika kwa harufu ya maandazi kilabuni. Wahafidhina humwita anayeitumia mwokaji, si mpikaji.

Nao wana sababu ya kuwa na hofu. Pipa la plastiki limeingia mahali pa chungu, na plastiki haina vitundu: ikisuuzwa tu hubaki tupu, na kila pombe huanzia dukani. Wanaotetea jamii ya chungu hujibu kwamba mwiko wa mti bado upo. Mtu awaambie kuwa sokoni Majengo siku hizi wapo pia wanaouliza mwiko wa plastiki.