Hongera Mgeni wa Ufuoni

Wenyeji wa Muhuru Bay na Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria nchini Kenya, wana wivu tu. Mgeni ashushe spika yake kubwa kama kabati, wao wananung'unika eti kiboko ana ndama kwenye matete. Kwani mama mzazi hahitaji burudani? Sisi waungwana humsogelea hadi simu inase matundu ya pua, na tukimzibia njia ya kurudi majini, ni kumpa fursa ya picha ya pili. Ana zaidi ya tani moja na hukimbia kilomita 30 kwa saa nchi kavu, lakini haina neno, mgeni ana ndala mpya.

Wavuvi, waoga wale, giza likiingia hawapiti vichochoro vya matete, ati kiboko anatoka kula nyasi. Wamezaliwa hapa, watajua nini?

Serikali ilipopiga marufuku plastiki za kutumia mara moja kwenye hifadhi, Juni 2020, Ruma ikiwemo, tulizihurumia chupa zetu, tukazileta ziwani. Na kijana wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia ufuo, akisema, “Mzee, rudi nyuma kidogo,” mwulize kwanza cheti chake kiko wapi.