Skonzi za Mnadani

Mimi ni mtu wa Tanga, na sisi tuna ugonjwa mmoja: tukisikia unga wa ngano umetajwa, tunajiona ndio tuliouumba. Nimekulia maandazi na mikate ya mofa. Ule mkate wa dukani kwetu ni boflo, na tunaula tukiusengenya. Kwa hiyo mama mkwe aliponipigia kuuliza kama nitakuwa na chochote cha kupeleka Jumapili ya mavuno usharikani kwao Marangu, sikufikiri hata nusu dakika.

"Nitaoka skonzi, Mama. Laini, za iliki. Ukiibonyeza inarudi."

Hilo la kubonyeza na kurudi, mume wangu amenikumbusha tangu siku ile mara nyingi kuliko ilivyo lazima.

Tunaishi Moshi mjini, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, na mtaani kwetu skonzi zangu zina jina. Unga kilo moja, sukari kikombe kasoro kidogo (ya kiwanda cha TPC, miwa iliyonyweshwa maji ya mlima Kilimanjaro kule Arusha Chini), hamira kijiko cha chakula, maziwa vuguvugu, yai, samli, iliki niliyoitwanga mwenyewe. Unakanda mpaka donge liache kung'ang'ania vidole, unafunika, unakwenda kupiga soga kwa jirani. Ukirudi, limeumuka maradufu. Miaka yote hiyo nilidhani fundi ni mimi, kumbe fundi alikuwa joto.

Jumamosi tukapanda Marangu. Ilikuwa Julai. Ukungu wa Julai kule unashuka mpaka katikati ya migomba na kukaa humo kama mgeni asiyeaga. Nguo ulizoanika Jumatatu, Alhamisi bado hazijaamua. Kwa mama mkwe ni mita 1,400 hivi, na mlima ulio nyuma ya nyumba unaendelea peke yake mpaka 5,895, kwenye barafu. Baridi ikitoka huko haina safari ndefu kufika jikoni.

Nilikanda saa nne asubuhi. Maziwa hata sikuyapasha, maana mama mkwe aliyaleta yametoka kukamuliwa, na joto la ng'ombe ni karibu lile lile hamira inalolipenda. Nikafunika beseni, nikaweka kengele ya simu. Saa sita nikafunua. Donge liko vile vile, limenuna, kama mtoto aliyeamshwa kwenda shule. Saa nane nikafunua tena. Nikalibonyeza. Kishimo cha kidole kikabaki pale kikinitazama.

"Bado limelala?" wifi akauliza mlangoni. Alikuwa ameshauliza mara tatu.

Mama mkwe ndiye aliyekuwa kimya. Mwanamke huyu amepika mbege, pombe ya ndizi, tangu usichana wake, na mambo ya kuchacha anayajua kama mimi ninavyojua njia ya sokoni. Akasogea, akainama, akatega sikio juu ya beseni langu, kitenge kikimteleza begani. Akasikiliza. Nami nikajikuta nimezuia pumzi, kama tuko kwa daktari.

"Hili halisemi kitu, mwanangu," akasema. "Unalipimia saa? Mbege tunaisikiliza. Ikianza kunong'ona, unajua."

Akanionyesha kwa kidevu banda la shemeji. Humo mlikuwa na kinengunengu: ukuta wa mviringo wa mabati, jiko la mkaa katikati, na vifaranga wa wiki moja wapatao mia wakiota moto. Mahali pekee penye joto la Tanga katika kihamba kizima.

"Shemeji, hawa ni mtaji wangu," shemeji akalia. Nikambembeleza. Akakubali kwa sharti kwamba beseni liwe na mfuniko, na juu ya mfuniko jiwe. Likaingizwa. Mimi nikaenda na mama mkwe kukata majani ya ng'ombe, tukaongea, tukapotea, ikawa saa moja na nusu.

"Shemeji! Mzigo wako!"

Jiwe liko chini. Mfuniko umepanda juu ya donge kama kofia iliyopungua, na juu ya mfuniko wamesimama vifaranga watano wakitazama mandhari. Donge limefura, limemwagikia nje ya beseni, lina mapovu makubwa kama macho ya chura. Baadaye ndipo nilipoelewa: huko juu hewa ni nyepesi, gesi ya hamira haikandamizwi sana, donge linapanda kwa pupa kuliko pwani. Na hili langu lilikuwa na njaa ya joto tangu asubuhi. Nililigusa kwa ncha ya kidole tu. Likashusha pumzi ndefu, pfuuu, likalala chini kama tairi lililochomwa na msumari.

Naapa hakuna unyoya ulioingia. Mume wangu anasema suala hilo liachwe wazi.

Hapo mtu mwenye akili angelikanda kidogo, akakata vidonge, akaviacha viumuke tena taratibu. Mimi wifi alikuwa ananitazama. Nikaona donge limelegea, nikaliongezea unga. Likalegea bado, nikaongeza. Nilimwaga unga kama anayezima moto kwa mchanga, mpaka donge likawa gumu na mkono ukaniuma, nikajisifu kwamba sasa limekubali.

Kuoka tulioka kwa sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Wamisionari wa Leipzig walifika mlima huu mwaka 1893, na usiku ule niliwaza sana walivyopata mkate, maana kuni zetu zilikuwa matawi ya mkahawa yaliyopogolewa, na moto wake hauna adabu. Harufu lakini! Iliki na samli zilitoka mpaka barabarani. Watoto wa jirani wakaja kusimama ugani wakijifanya wanatafuta mpira. Zilipoiva, juu zilikuwa nyekundu, zinang'aa kwa yai nililozipaka. Chini zilikuwa nyeusi. Badala ya kuzifunika kwa kitambaa zikiwa bado za moto, ili mvuke wake uzilainishe, nikaziacha wazi zipoe, zikalala hivyo na baridi usiku kucha.

Asubuhi nikagonga moja kwa kidole. Ikaitikia.

Nilizikwangua chini kwa kisu, nikazipanga kwenye sinia juu ya kitambaa cheupe, uso mzuri juu. Ukizitazama kwa mbali ungeweza kuzipigia picha.

Baada ya ibada watu wakajaa uwanjani kwa mnada. Mkungu wa ndizi ukanunuliwa, maboga, mayai, jogoo mmoja mwekundu mwenye kiburi. Kisha mzee wa kanisa akainua sinia, nikaona mikono yake imeshuka kidogo kwa uzito. "Skonzi za mkwe wetu wa Tanga! Elfu tano, nani ana sita?"

Bwana mmoja aliyekuja na gari kutoka Dar es Salaam akafika elfu ishirini. Makofi. Akachukua moja, akaipima mkononi, akafikiri. "Narudisha mnadani," akasema, "kwa kazi ya Bwana." Vigelegele! Ndio utaratibu: ukinunua kitu unaweza kukirudisha kiuzwe tena, na jogoo mmoja huweza kununuliwa mara tatu kabla hajapata mwenyewe. Nikafura kuliko donge langu.

Mama wa kwaya akatoa kumi na tano. Huyu nilimwona kwa macho yangu: kidole gumba kilishuka, kikabonyeza, kikasubiri. Akanitazama kwa huruma ya watu wa kwaya. "Na mimi narudisha."

Mzee mmoja akatoa kumi na mbili, akagonga moja kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi, akasema anamzawadia mchungaji. Mchungaji akashukuru sana, akazitoa zinadiwe tena kwa ajili ya vijana. Uwanja ukawa kimya. Nikageuka kumtazama mume wangu. Akatoa elfu kumi, na hakuna aliyeongeza.

Mzee wa kanisa akajumlisha: elfu hamsini na saba, jogoo ameachwa mbali. "Tangu nianze kunadi," akatangaza, "sijaona chakula kilichochangia hivi bila kupungua hata kimoja. Aika mae, asante mama! Mwakani utuletee tena."

Jumatatu alfajiri, kabla hatujashuka mjini, nilimkuta mama mkwe bandani akizivunja kwa nyundo ndani ya ndoo, akizichanganya na pumba na maji ya moto. Hakusema neno. Ng'ombe akanusa, akanitazama, akala zote. Hakurudisha mnadani.