VIP ya Kutapikia

Jamani, mimi mtoto wa Mbagala. Bahari naijua pale Feri, panapouzwa samaki. Sasa boti ya kwenda Unguja kwangu ni basi tu lisilo na foleni. Nikakata VIP. Juu kabisa, mbele kabisa, kioo kikubwa. Nilitaka nionekane. Nimeonekana.

Kwanza nikala. Saa mbili majini, mtu unakaaje na njaa? Supu ya utumbo, chapati, soda juu yake. Nikajitupa kitini, simu mkononi, nacheki status za watu. Mwezi wa saba huo, kusi imeshika. Kuacha tu mlango wa bandari, boti ikaanza. Inapanda. Inasita. Inashuka. Mimi nikashuka nayo, supu ikabaki juu.

Bibi mmoja wa Kipemba jirani yangu akaniangalia kwa huruma. “Mwanangu, weka hiyo simu, utarudisha hata maziwa ya mamako. Tazama kule mbali, bahari inapokutana na mbingu.” Eti sikio la ndani linasema tunayumba, macho yaliyoganda kwenye simu yanasema tumetulia, ubongo haujui umsikilize nani. Wangu ukaamua kusikiliza tumbo.

Nikameza kidonge. Kikanirudia kizima, hata rangi hakijapoteza. “Hicho humezwa kabla ya safari, lisaa hivi,” bibi akasema, anatafuna tangawizi yake taratibu. Baharia anapita na mifuko, anagawa kama karata. Wenzangu kawapa mmojammoja. Mimi kaniangalia usoni, kanipa mitatu. Hata hakuuliza! Mtoto wa kiti cha nyuma akasimama juu ya kiti anitazame vizuri, biskuti mdomoni.

Kijana mmoja msomi akanifariji: hata Nelson, yule amiri jeshi wa majini wa Waingereza, bahari ilikuwa inamtapisha. Sawa, lakini Nelson ana sanamu London. Mimi nina shati limelowa.

“Hii si kitu,” bibi akamalizia. “Ungekuwa mkondo wa Nungwi, tunavuka kwenda Pemba, ungeniambia.” Shikamoo, bibi. Pemba nitaiona kwenye ramani.

Kilichoniuma zaidi ni kushuka. Watu wa daraja la chini wanatoka wamenyooka, kanzu hazina hata kunyanzi, wengine ndiyo kwanza wanaamka. Baharia ananiambia boti inatikisika zaidi juu na mbele. Chini, katikati, ndiko kumetulia. Yaani nimeongeza hela ili nirushwe zaidi!

Basi ndugu yangu, ukisafiri kata ya bei rahisi, kaa chini katikati, kula kikavu kidogo, kidonge meza mapema, simu tia mfukoni. Hiyo hela utakayookoa nitumie mimi. Niko huku Unguja, nachangisha nauli ya ndege.