Birika la Nani?

Kazi ya kukagua matumizi ya umeme ni tamu mpaka siku ya kuifunga. Ukiwa bado unazunguka na vipimo na tochi, kila mtu ni rafiki yako. Siku ukiketi kueleza ulichokiona, ndipo unapogundua kwamba watu walitaka jengo likaguliwe, si wao.

Kanuni za Kenya za mwaka 2012 zilitaka jengo linalokula yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka likaguliwe angalau mara moja kila miaka 3. Mkaguzi atalindwa na nani, hazikusema.

Basi juzi, hapa Mombasa, nikafunga kazi ya jengo moja la ofisi. Kikao kilikuwa chumba cha mikutano. AC imetiwa 16, mlango umewekewa kiti usijifunge, eti hewa haitoshi. Nje jua la Januari linayeyusha lami. Ndani mhasibu kajitanda shuka la Kimasai. Nikasema kwa adabu kwamba ikitiwa 24 hakuna atakayekufa, na shuka litarudi nyumbani. Mhasibu akasema rimoti iko kwa bosi. Bosi akasema iko kwa mhasibu.

Nikawaonyesha grafu. Kifaa tulichokifunga kwenye swichi kuu kilikuwa kikiandika usiku na mchana, na saa nane za usiku, jengo likiwa na soja mmoja na paka wake, stima ilikuwa ikiliwa karibu nusu ya ile ya mchana. Idara zikaanza kutazamana. Wa kompyuta akaapa si seva zake. Kumbe ni AC za ghorofa ya tatu, hazizimwi kwa kuwa asubuhi vyumba huchelewa kupoa.

Nikaeleza pia kwamba kapasita kwenye chumba cha umeme zilishakufa, na ndiyo maana bili huja na faini ya pawa fakta kila mwezi. Hapo ndipo penye pesa. Hakuna aliyeuliza swali. Swali lilikuwa birika.

Nilikuwa nimeandika mstari mmoja tu: chini ya meza fulani kuna birika la wati 2,000, na likichemka linakula kuliko taa 100 za LED za wati 18. Nusu saa ikaishia hapo. La nani? Nani aliruhusu? Birika lenyewe huchemka dakika chache likazima, kwenye bili hata halionekani, lakini nani alitaka kunisikia? Mama wa chai, aliyekuwa akigawa mahamri, akasema bila kugeuka: "Na hiyo chai mnywayo, mwadhani yachemshwa na jua?"

Tukitoka, meneja akanivuta kando. "Injinia, friji la ofisini kwangu, lazima liandikwe?" Nikamwambia lishaandikwa. Mkono wa kwaheri ukawa mlegevu.

Nikafungua vifaa vyangu, nikatia mkobani, nikafika langoni. Soja akachungulia mkoba, akaona kile kifaa cha swichi kuu. "Na hiki?" Changu, nilikuja nacho. "Hati ya kutolea mali?" Mwenye kutia saini alikuwa keshapanda treni ya alasiri kwenda Nairobi.

"Basi Jumatatu, kaka," akasema, akikitwaa kwa mikono miwili. "Wala usihofu joto. Nitakiweka chumba cha mikutano, kule AC haizimwi."