Sifa za Tembo wa Boksi

Tembo wa porini amesifiwa vya kutosha. Ana hifadhi zake, ana askari wenye bunduki wanaolala nje kwa ajili yake, na sura yake imechapishwa kwenye noti ya shilingi 10,000, faru akiachiwa ile ya 5,000. Watu huvuka bahari, hulipa kwa dola na kukaa juani saa nzima ili wamwone akijipaka matope. Sina la kumwongezea. Tembo ninayemsifu mimi anakaa juu ya kabati la chumba cha watoto, mkonga ukining'inia mbele ya kioo, na alizaliwa kwa ajili ya mahafali ya chekechea yaliyokwisha kabla ya saa sita mchana.

Sifa huanza na ukoo. Baba yake ni boksi la friji la milango miwili, lililoombwa dukani Kariakoo na kubebwa kichwani hadi kituoni. Upande wa mama anatokana na godoro la sponji ambalo watoto watatu walilikojolea kwa zamu. Mifupa yake ni waya wa kufungia nondo. Ngozi ni viroba vya unga vilivyochanwa, juu yake magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa ngano, kisha rangi ya ukutani, nyeupe iliyochanganywa na masizi mpaka ikakubali kuwa kijivu. Ukimsogelea tumboni bado unasoma msimamo wa Ligi Kuu. Masikio ni suruali ya suti ya babu, ambaye yu hai na anaendelea kuitafuta. Fundi cherehani wa mtaani alipiga mshono mmoja kwenye shingo, akausukuma mzigo pembeni, akasema yeye hushonea watu.

Kazi aliyozaliwa kuifanya aliifanya kwa heshima. Mtoto aliyekuwa ndani hakuona chochote, kwa kuwa aliyetoboa macho alipima kwa urefu wa mtu mzima. Mwalimu alimwongoza jukwaani kwa kumshika mkonga, tembo akageukia pazia badala ya wageni, akatikisa makalio, ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Kisha wimbo ukaisha, na simba wa kitambaa akakunjwa akaingia kwenye mkoba wa mama yake. Sungura akawa masikio mawili tu ya kofia. Tembo peke yake alibaki tembo.

Hapo ndipo ukuu wake unapoanza. Asubuhi alikwenda shuleni kwa bajaji iliyopambwa, akipigwa picha kila kwenye foleni. Mchana hakuna daladala iliyomtaka. Konda mmoja alisema atalipiwa siti nne, mwingine akauliza kama anauma. Alirudi juu ya paa la teksi, amefungwa kwa kamba ya katani, na barabarani hakuna aliyemgeukia. Wako watu wakubwa wengi ambao wasingeistahimili safari ya namna hiyo ya kurudi.

Tangu siku hiyo yuko nasi, na sijamwona mgeni mwenye adabu kama yeye. Hali. Haombi nauli. Hasemi kwamba kwa fulani walimpikia pilau. Mgeni wa kawaida siku ya tatu hupewa jembe, lakini huyu hata ukimpa hawezi kulishika, miguu yake ya mbele ni mabomba ya karatasi. Analinda nyumba pia. Shangazi alipokuja kutoka Singida alilazwa chumba hicho, umeme ukakatika usiku wa manane, akaamka kutafuta maji, akakuta mkonga. Asubuhi aliomba kulala sebuleni, akakaa siku chache kuliko alivyokuwa amepanga. Sisemi zaidi, shangazi anasoma magazeti.

Amefufua pia mazungumzo ya familia. Nyumba nyingi siku hizi kila mmoja ana simu yake na kona yake. Kwetu kila Jumamosi, wakati wa usafi, sote husimama mbele ya kabati na kujadili hatima ya tembo. Bibi anaona atafaa kuwa banda la kuku, hoja nzuri isipokuwa kuku walishaonyeshwa wakakataa. Mjomba anataka kumkodisha kwa shule nyingine kila mahafali, na amekwisha kupiga hesabu ya faida ya miaka mitano kwenye kisanduku cha sigara. Mama watoto alipendekeza arudishwe shuleni kama msaada. Shule ilishukuru sana, ikatufungulia mlango wa stoo ili tujionee wenyewe: ndani alikuwamo tembo wa mwaka juzi, na nyuma yake kitu ambacho zamani kilikuwa kiboko.

Yule kijana anayepita na mkokoteni akiita chuma chakavu na chupa tupu aliitwa akamtazama kwa makini ya daktari. Boksi hununua kwa kilo, na plastiki na chuma vilevile. Lakini hiki, aliuliza, ni kipi kati ya hivyo? Alikinyanyua, akakitikisa, akasikia kitu kikiviringika ndani (mpaka leo hatukijui), akakirudisha taratibu na kuondoka bila kusema bei. Nilijisikia fahari. Katika nyumba yetu yote hakuna kingine kilichowahi kumshinda mnunuzi yule.

Hoja ya moto ndiyo nzito zaidi, na ina mifano ya kuheshimika. Mwaka 2016, katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, Kenya ilichoma tani 105 za pembe za ndovu, rais mwenyewe akiwasha. Tanzania ilikuwa na fikra tofauti: shehena yake iliiweka ghalani, na mwaka 2010 ikaomba ruhusa ya kuuza sehemu yake katika mkutano wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, kule Doha, ikanyimwa. Kaya yetu, kama raia wema, inafuata sera ya taifa. Tumekataa kuchoma, tumeshindwa kuuza, tumeweka stoo. Kwa kuwa stoo hatuna, tunatumia kabati.

Waliolimaliza jambo hili kikamilifu ni Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji. Katika Gule Wamkulu, ngoma kuu ya chama cha Nyau, wanyama wakubwa husukwa kwa fito na kufunikwa nyasi au maganda ya mahindi, watu wakaingia ndani na kuwachezesha. Yupo Kasiya maliro mwenye umbo la pofu, yupo na tembo anayehitaji wanaume kadhaa kumbeba. UNESCO ilipoitambua ngoma hiyo mwaka 2005 ilitaja kwamba miongoni mwa wahusika wake wa siku hizi wamo hata Honda na helikopta. Mnyama wa msibani, kwa desturi, huchomwa shughuli ikiisha. Hakuna mjadala wa Jumamosi. Mzimu umekuja, umecheza, umekwenda zake. Nawavulia kofia, ila hawana mtoto wa miaka sita anayesimama mlangoni na kuuliza mnampeleka wapi. Mtu anayeweza kuwasha kiberiti mbele ya swali hilo ana moyo ambao mimi sikujaliwa.

Njia ya pili wanayo Wamarekani weusi wa New Orleans, wale wanaovaa mavazi ya manyoya na shanga siku ya Mardi Gras na kuitwa Wahindi Wekundu ingawa si wao. Kwao ni aibu kutoka na vazi la mwaka jana. Hushona karibu mwaka mzima, usiku baada ya kazi, shanga kwa shanga, na vazi linaweza kumlemea mtu mzima mwenye nguvu. Sherehe zikipita hulifumua. Shanga hurudi kwenye makopo, manyoya hupangwa, na sindano huanza upya. Utaratibu mzuri sana kwa mtu anayejua kwamba mwakani atakuwa yuleyule. Mtoto wetu mwakani ametangaziwa kuwa ni rubani. Kutoka kwa tembo hadi kwa rubani hakuna kinachofumuliwa kikafaa, labda suruali ya babu.

Kule Rio de Janeiro, kwenye kanivali ya mwaka 1989, Joãosinho Trinta wa kundi la samba la Beija-Flor aliwavalisha wachezaji wake matambara na takataka, na sanamu ya Kristo, iliyopigwa marufuku kwa malalamiko ya Kanisa, ikapita imefunikwa plastiki nyeusi. Sifa za kisanii alishapewa. Mimi namsifu kama mzazi: vazi lililoanza kama taka halimsumbui mtu kuhusu litakakoishia.

Lakini anayenipa moyo zaidi ni faru. Mwaka 1994 vazi la faru la shirika la Uingereza la Save the Rhino lilitembezwa kwa miguu kutoka Mombasa hadi Kilimanjaro, watu wakipokezana kuingia ndani. Mmoja wao alikuwa Douglas Adams, yule mwandishi wa The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, aliyelivaa katika mwendo wa kuelekea mlimani. Hebu fikiria jua la Voi ukiwa ndani ya kitu kile. Fedha zilizochangwa zilikwenda kwenye shule za Kenya na kuwalinda faru weusi wa Tanzania, na mavazi ya ukoo huohuo, yenye kilo 10 hivi kila moja, bado hukimbia London Marathon. Faru hao hawaulizwi watawekwa wapi. Wana ratiba.

Tembo wetu hana ratiba, na nashikilia kwamba ndiyo fadhila yake. Cheti cha mahafali kilipotea wakati wa kupaka rangi chumba. Picha zilikuwa kwenye simu iliyoangukia kwenye ndoo. Kumbukumbu ndogo tunazitunza vizuri sana, kwenye bahasha, ndani ya droo, na hatuzioni tena. Huyu kila asubuhi anampiga mtu mkonga usoni akitafuta soksi, na mtu huyo, akitukana, anakumbuka kwamba kuna usiku nyumba nzima ililala saa nane ikikoroga uji wa ngano, baba akiwa ameshika waya, bibi akikata masikio kwenye kitambaa ambacho hakuuliza kimetoka wapi, na hakuna aliyekuwa na simu mkononi kwa sababu mikono yote ilikuwa na gundi.

Wapo wanaosema anafuga mende. Ni kweli, na mende hao hawajawahi kuhamia jikoni, wameridhika na mlo wa ngano uliomo ndani yake. Wapo wanaosema anakula nafasi. Nafasi ile ya juu ya kabati kabla yake ilikaliwa na begi bovu na feni lisilozunguka, na hakuna mtoto aliyewahi kuyaaga kabla ya kulala.

Hata hivyo sina choyo. Msomaji mwenye mahafali, harusi ya kisasa au duka linalohitaji kitu cha kusimama mlangoni anaweza kumchukua bure. Aje na pikapu, si bajaji. Aje na watu wawili na kamba yake mwenyewe, na aje saa za shule, mtoto akiwa hayupo. Pembe zinachomoka kwa usafirishaji. Masikio yatabaki hapa, babu ameshaanza kuuliza maswali.